Bastola ya Kuwindia Ikikuumiza, Usome Mkono Kabla ya Kununua Mpini

Picha iliingia kwenye simu saa nane usiku. Nakuru imelala, kule Dallas jua ndiyo linatua. Kidole cha kati, fundo lake limechubuka, damu imekauka hadi ukuchani. Chini yake shemeji ameandika: "Shem, hii bastola uliyoniachia ina teke la punda. Ninunue mpini gani?"

Nilimjibu asubuhi baada ya chai, na sikumtajia mpini wowote. Nilimwomba picha tatu zaidi: kiganja kikiwa wazi, lile bonde lililo kati ya gumba na kidole cha shahada, na mkono ukiwa umeshika mpini, upigwe picha kutoka juu. Alidhani namzungusha. Lakini anayeuliza mpini gani ni mzuri bila kuonyesha alipoumia ni kama mgonjwa anayeingia duka la dawa na kuomba "dawa ya maumivu" tu. Atauziwa, na kesho atarudi.

Niliishi Texas miaka 11 kabla ya kurudi nyumbani, na huko ndiko nilikojifunza kuwinda nguruwe pori na kulungu kwa bastola. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo nyati wa Ziwa Nakuru nawatazama kama mtalii yeyote, nikiwa ndani ya gari. Bastola ilibaki na shemeji. Mimi nilirudi na ugonjwa wa mipini: nachonga vibao vya mbao, vile viwili vinavyofungwa pande mbili za mpini, nyuma ya nyumba na kuwatumia jamaa walioko ughaibuni. Maswali yao ni yaleyale, ndiyo maana nayaandika hapa. Nitazungumzia zaidi rivolva, yaani bastola ya silinda, kwa sababu ndiyo wawindaji wengi wa bastola huko wanayobeba.

MPINI HAUPUNGUZI TEKE

Risasi ya kawaida ya .44 Magnum, aina kali ya kuwindia, ina uzito wa gramu 15.5 hivi, na hutoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 400 kwa sekunde. Ukijumlisha gesi ya baruti inayoifuata, rivolva ya kilo 1.36 inakurudia kwa kasi inayokaribia mita 6 kwa sekunde. Hesabu hiyo haijali kama umeshika mpingo, mpira au dhahabu. Inajali uzito wa risasi na kasi yake, baruti, na uzito wa bastola yenyewe.

Kinachobadilishwa na mpini ni mahali teke linapotua, linatua juu ya eneo pana kiasi gani, na linafika kwa kishindo au kwa kusukuma. Fikiria ndoo ya maji ya lita 20 ambayo kile kishikio chake cha plastiki kimevunjika ukabaki waya mtupu. Ndoo ni ileile, maji ni yaleyale, lakini vidole vinalia kabla hujafika mlangoni. Mpini mbaya wa bastola ni ule waya. Mpini mzuri ni kishikio. Maji hayajapungua hata kikombe.

Kwa hiyo anayekuuzia mpini "unaokata teke kwa nusu" anakuuzia maneno. Ukitaka kupunguza teke lenyewe, badilisha risasi. Rivolva ya .44 Magnum hupiga pia risasi ya .44 Special, yenye uzito uleule ikienda mita 230 hivi kwa sekunde, nguvu ya teke inashuka hadi karibu robo.

UNGA WA MKAA

Mbinu hii sikuitoa Texas. Nilifundishwa Bondeni, hapa hapa Nakuru, na mzee fundi wa mbao ambaye kazi yake kubwa ni mipini ya majembe na mashoka. Nilimpelekea vibao viwili nilivyokuwa nimechonga, vikiwa vimefungwa kwenye kiini cha mbao nilichokata kwa umbo na unene wa fremu ya bastola, kile chuma cha ndani ambacho vibao hufungwa juu yake. (Bastola haiachwi kwa fundi asiye na kibali. Kiini cha mbao kinatosha, na hakimtishi mtu.) Mzee alikigeuza, akakipima kwa kukirusha kidogo mkononi, kisha akachota unga wa mkaa kwenye kopo na kukipaka chote.

"Haya, shika vile unavyoshika huko kwenu."

Nikashika, nikaachia. Kiganja kilikuwa na doa jeusi la mviringo kwenye shina la gumba, na mstari mwembamba chini ya kidole cha mwisho. Katikati pote peupe.

"Kijana, hapa hujashika kitu," akasema, akigonga ile sehemu nyeupe kwa penseli. "Jembe la namna hii lingekutoa malengelenge kabla ya saa nne."

Tangu siku hiyo sianzi kazi yoyote bila mkaa. Fanya hivi: toa risasi zote uzipeleke chumba kingine, fungua silinda, pitisha kidole kwenye kila tundu, angalia tena. Paka mpini unga wa mkaa au chaki ya shuleni. Shika kama unavyoshika unapolenga, kaza kwa nguvu, achia. Palipo na doa jeusi sana ndipo teke lote linapotua. Palipo peupe mpini hauna kazi. Unachotafuta ni kiganja kilichochafuka sawasawa, kuanzia lile bonde la gumba hadi chini. Kisha linganisha na dalili zako.

FUNDO LA KIDOLE CHA KATI LINAGONGWA

Hii ndiyo ya shemeji, na ndiyo inayonifikia mara nyingi kuliko zote. Kosa liko kwenye ule uwazi nyuma ya pete ya triga, kile chuma cha duara kinachoizunguka triga. Kidole cha kati kinajibana hapo kwa sababu ndipo panapoonekana kuna nafasi. Bastola ikirudi, pete inarudi nayo na kukutana na fundo. Ruger Super Blackhawk, iliyotoka mwaka 1959, ina sifa mbaya kwa jambo hili: pete yake ya asili imekatwa mraba upande wa nyuma. Baadhi ya matoleo yake yana pete ya mviringo, nayo huonea huruma kidogo.

Dawa ni kuuziba ule uwazi. Mipini mingi ya mpira, kama ya Pachmayr au Hogue, ina nyama ya ziada hapo mbele inayokisukuma kidole kishuke. Lakini kabla ya kutoa dola, tafuta tyubu ya baiskeli iliyotoboka. Kata kipande cha urefu wa mpini, kipitishe kama soksi, na chini ya pete ya triga kunja kipande kingine kidogo ndani yake kama mto. Ukiwa Kisumu utaona bodaboda wakivalisha vishikio vyao mpira hivyohivyo. Hakuna uzuri wowote hapo, ila baada ya risasi kumi utajua kama tatizo lilikuwa uwazi au lilikuwa jambo jingine, na hujatumia hata shilingi hamsini.

Angalia pia kimo cha mkono. Wengi waliozoea bastola za kujipakia huishika juu kabisa rivolva ya kukokiwa kwa gumba, yaani ile ambayo unaivuta nyuma nyundo, chuma kinachogonga risasi, kila mara kabla ya kupiga, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Teremka kidogo, na kidole cha mwisho ukikunje chini ya kitako cha mpini badala ya kukibana pamoja na wenzake. Kitaonekana kimekosa kazi, lakini kinazuia mpini usishuke na kukipa kidole cha kati nafasi ya kupumua. Kwa wenye mikono mikubwa hilo peke yake hutosha.

MPINI UNAPANDA MKONONI, NYUNDO INAKUKWANGUA

Hapa pana utata, kwa sababu bastola nyingine zilitengenezwa zipande. Ule mpini uliopinda wa Colt ya mwaka 1873, ambao umeigwa na wengi hadi leo, Wamarekani wanauita mpini wa plau. Aliyewahi kushika plau ya ng'ombe kule Bungoma haelezwi zaidi. Umekusudiwa uzunguke kiganjani: mtutu unapanda, mpini unateleza kidogo, sehemu ya teke inaishia kwenye huo mzunguko, na nyundo inakuja karibu na gumba tayari kukokiwa tena. Kwa risasi za wakati huo ilikuwa akili kubwa. Kwa .44 Magnum, iliyokuja katikati ya miaka ya 1950, au .454 Casull iliyo kali kuliko hiyo, mzunguko unapitiliza na nyundo inafika kwenye nyama.

Jiulize kwanza: mpini unateleza, au unazunguka na kuvuta ngozi? Ukiteleza, bonde la gumba litakuwa limekwanguliwa juu juu, kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye murram. Ukivuta ngozi, utaona lengelenge au ngozi iliyojikunja. Tofauti hiyo ndiyo inayowapotosha watu wengi. Mtu anaumizwa na mpini laini wa mbao, anakimbilia mpira, na mpira unamuumiza zaidi. Mpira unang'ang'ania ngozi. Bastola ikizunguka inaondoka na ngozi. Mwenye kupenda mzunguko anahitaji mbao laini, isiyo na vanishi inayong'aa. Asiyetaka mzunguko anahitaji umbo jingine kabisa, si malighafi nyingine.

Umbo hilo jingine kwa rivolva za kukoki ni lile linaloitwa Bisley, jina lililotoka kwenye uwanja wa shabaha wa Bisley huko Uingereza. Ruger walileta toleo lao miaka ya 1980. Mgongo wa mpini umenyooka zaidi na unapanda juu nyuma ya mkono, kwa hiyo teke linasukuma moja kwa moja badala ya kuzungusha. Mimi nalipenda kwa risasi kali. Shemeji halitaki hata kuliona. Anasema linampiga kiganjani kama fimbo ya mwalimu. Hakuna anayekosea kati yetu: mikono yetu haifanani, na kiganja chake ni kifupi kuliko changu.

Rivolva zile ambazo ukivuta triga nyundo inajikoki yenyewe, kama Smith & Wesson nyingi, zina nundu nyuma ya fremu inayozuia mkono usipande. Ukiona hata hizo zinakupanda, unashika chini mno, au kiganja kina jasho na mpini umepakwa vanishi ya fanicha. Ondoa vanishi kwa msasa, paka mafuta ya kitani kidogo, acha yakauke siku kadhaa.

SHINA LA GUMBA LINAUMA, HASA SIKU YA PILI

Mkono umezungushwa. Mpini ni mnene mno au triga iko mbali mno, kwa hiyo ili kidole cha shahada kifike, umekisogeza kiganja upande. Sasa teke halitui kwenye bonde la gumba. Linatua juu ya fundo la gumba lenyewe, na fundo hilo halikuumbwa kupokea kilo moja na robo inayokuja kwa kasi.

Kuthibitisha ni rahisi. Bastola ikiwa tupu, lenga ukutani na mtu mwingine atazame kutoka juu. Mtutu na mfupa wa mkono, kuanzia kiwiko, viwe mstari mmoja. Kama mtutu umepinda ukitazama nje ya mstari huo, umepata ugonjwa. Vibao vikubwa vya shabaha vilivyokuja na Smith & Wesson za .44 za zamani vinajulikana kwa hili: vipana chini na katikati, vizuri kwa macho, vibaya kwa mkono mdogo.

Punguza unene mahali pa triga kwanza, yaani sehemu ya juu ya vibao, pande zote mbili. Sehemu hiyo ndiyo inayoamua kidole kitafika wapi. Unene wa chini hauhusiki sana. Tumia tupa ya nusu duara, kisha msasa, milimita moja kwa wakati, ukipaka mkaa kila mara. Nimeona watu wakinyoa chini mpaka kitako kinabaki kama kijiti na bado gumba linauma. Kama mpini wa mpira unaziba mgongo wa chuma, ule upande wa nyuma wa fremu unaokaa kiganjani, badilisha uchukue unaouacha wazi. Utaokoa milimita kadhaa papo hapo.

Kinyume chake pia kipo. Mwenye mkono mkubwa akishika mpini mwembamba, ncha za vidole zinachimba kiganja chake mwenyewe. Anakaza zaidi, mkono unatetemeka, na anadhani ni uzee.

KIGANJA KINAWAKA, AU GANZI INAINGIA

Kama mkaa umeacha mstari mmoja mweusi katikati ya kiganja, mgongo wa chuma uko wazi na ni mwembamba, na wewe unapokea kila kitu kwenye upana wa kalamu. Hapa ndipo mpira unapostahili sifa zake, lakini mpira unaofunika mgongo, si ule wa pembeni tu.

Smith & Wesson walipotoa ile .500 yao mwaka 2003, bastola nzito kupindukia, waliipa mpini wa mpira wenye mto laini nyuma. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba fremu ya mpini huo ina umbo lilelile la rivolva zao nyingine zenye kitako cha duara. Mpini wa ile kubwa unaingia kwenye ile ndogo. Wenye 329PD, rivolva ya .44 Magnum ambayo haifiki hata gramu 800, ndio wanaoukimbilia, na nawaelewa. Bastola nyepesi namna hiyo ni raha kuibeba milimani na ni adhabu kuipiga.

Ila kumbuka: ukifunika mgongo, triga imeenda mbali. Mwenye kidole kifupi anaponya kiganja na kufungua kidonda cha gumba. Ndiyo maana nasema paka mkaa tena baada ya kila badiliko.

Ganzi isiyoisha hadi usiku, au vidole vinavyowasha kama vimelaliwa, si kazi ya mpini wala ya fundi. Pumzisha bastola, nenda kwa daktari, umweleze bila aibu ulichokuwa ukifanya. Nilikaa miezi miwili bila kupiga risasi kwa sababu ya kiwiko, na kosa lilikuwa langu: risasi 60 kali kwa mchana mmoja, ili kumwonyesha jirani.

MICHUBUKO KATI YA VIDOLE

Mifereji ya vidole kwenye mpini. Ilichongwa kwa vidole vya mtu mwingine. Ikikulingana, bahati yako; isipokulingana, vile vilima vinakaa juu ya mifupa. Vilima vikatwe kwa tupa. Sina la kuongeza.

KIBAO KINALEGEA AU KIMEPASUKA

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Kibao kinachocheza hata kwa unene wa karatasi kinakupiga mara mbili: bastola inarudi ikigonga kibao, kisha kibao kinagonga mkono. Halafu kinapasuka. Kinapasuka mara nyingi kwenye tundu la skrubu au pale juu penye ncha nyembamba, na wenyewe hulaumu mbao. Mara nyingi mbao haina kosa. Ndani ya kibao hakukukaa sawa na fremu, kwa hiyo teke zima linabebwa na ile skrubu moja au kile kipini kidogo cha chini.

Kagua kwa rangi ya viatu. Paka chuma cha fremu rangi nyeusi kidogo sana, bandika kibao, kibonyeze, kibandue. Rangi ikigusa sehemu mbili tatu tu, kibao kinaelea. Kuna wanaokwangua pale palipogusa mpaka pote paguse. Ni kazi ya subira, na ndiyo bora. Njia ya mkato ni gundi ya epoksi ya mirija miwili. Paka fremu rangi ya viatu ya nta, safari hii nene na kila mahali, isije ikashikana na gundi milele. Ziba matundu ya skrubu na njia ya springi kwa vipande vya sabuni ya mche. Paka gundi nyembamba ndani ya kibao, bandika, futa inayofurika, acha usiku kucha. Kesho yake kibao kitatoka kwa kugongwa taratibu na mpini wa nyundo, na ndani kitakuwa na sura kamili ya chuma. Kazi hii anaifanya mwenye bastola kule aliko. Mimi humtumia kibao kikiwa na nafasi ndogo ya gundi.

Kuhusu mbao: mutamaiyu, yaani mzeituni mwitu, ndiyo ninayoipenda. Huku Nakuru inajulikana kwa rungu, na mti unaovumilia kuwa rungu hauogopi bastola. Ni mzito, nyuzi zake zimeshikamana, unang'aa bila vanishi. Sikati mti, naokota mabaki kwa mafundi wa fanicha. Siala, ambayo Waluhya huiita lusiola, ni nzuri sana kwa mpini wa jembe kwa kuwa ni ngumu bila kuwa nzito, ila kwa vibao vyembamba hivi naiona inachoka upesi kwenye ncha. Mvule unachongeka vizuri. Vumbi lake tu, vaa barakoa, linawasha pua. Mkaratusi mbichi usiuguse: utanyonga na kupasuka ukiwa bado kwenye bahasha ya posta. Grevilea iachie ua na kuni.

Nyuzi ziende kwa urefu wa mpini, zifuate ule mpindo kadiri inavyowezekana. Nyuzi zikikatiza kisigino cha kibao, kisigino kitaondoka. Na skrubu ikazwe kwa vidole viwili kwenye bisibisi, si kwa ngumi. Ikilegea kila mara, tone la gundi ya nati, ile ya buluu inayokubali kufunguliwa, linatosha.

UMEBADILISHA MPINI, SASA BASTOLA HAIWAKI

Usicheke, hutokea. Kibao kikiwa kirefu mno juu, nyundo inakigusa njiani na kupoteza nguvu. Kwenye Smith & Wesson nyingi kuna skrubu ndogo upande wa mbele wa fremu ya mpini inayoikaza springi ya nyundo; ikilegea wakati unahangaika na vibao, nyundo inagonga kiwashio cha risasi kwa uvivu. Kaza skrubu hiyo mpaka mwisho. Kisha, silinda ikiwa tupu na umehakikisha mara mbili, koki na uachie nyundo taratibu huku ukiangalia pembeni kama inapita bila kugusa. Angalia pia kama triga inarudi mbele yenyewe, na kama maganda yanatoka bila kukwama kwenye kibao cha kushoto. Yakikwama, punguza kibao, usipinde chochote cha chuma.

Risasi iliyokataa kuwaka usiifungulie silinda haraka. Elekeza mtutu pale salama, hesabu hadi sitini.

RISASI ZINATUA KWINGINE

Mpini mpya, shabaha mpya. Rivolva huanza kupanda kabla risasi haijatoka mtutuni, na mpini ndio unaoamua inapanda kwa njia gani. Kwa hiyo usitoke na mpini uliobadilishwa Ijumaa ukawinde Jumamosi. Rudi kwenye karatasi, mita 25 kwanza, uisawazishe tena. Mnyama aliyejeruhiwa kwa sababu ya uvivu wa mwindaji ni jambo ambalo sitaki hata kulisimulia.

MKAA UMEKAA SAWA, NA BADO MKONO UNARUKA

Basi si mpini. Ni hofu, na mpini uliokuumiza ndio ulioizaa. Umeondoka, mtoto kabaki. Mwambie mwenzako akupakilie silinda kwa kuchanganya risasi nzima na maganda matupu, usijue lipi liko wapi. Nyundo ikiangukia ganda tupu na mtutu ukachovya chini, umejikamata mwenyewe. Shuka kwenye .44 Special, piga chache, nenda nyumbani kabla hujachoka. Vaa vizibo vya masikio na vifuniko juu yake pia. Nusu ya hofu huingilia masikioni, na waliochonga matundu mtutuni ili usipande wanajua kelele inavyoongezeka.

Shemeji alikuwa na hili pia. Alituma video: mara ya tatu nyundo iligonga ganda tupu, na mtutu ukainama kama mtu anayesalimia wazee. Mkewe, dada yangu, anasikika nyuma akicheka mpaka simu inatikisika. Wiki nne za risasi nyepesi zilimrudisha.

Fundo la kidole limepona. Nilimchongea vibao vya mutamaiyu kwa kufuata alama ya kiganja chake aliyoichora kwenye karatasi, nikavituma kwa posta, vikafika salama. Viko kwenye kabati la vioo sebuleni, karibu na picha ya harusi. Bastola bado imevaa tyubu ya baiskeli.